Mtoto Anaganda Jukwaani, Ngoma Zinalia Butu: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watueleze ni wapi, siku za shule, walipoonja jukwaa kwa mara ya kwanza. Barua zilikuja na kumbukumbu za mahafali, za kwaya na za igizo la siku ya wazazi, na ndani ya karibu kila kumbukumbu mlikuwa na swali. Tumechagua yale yanayowagusa wengi.

Nikiwa darasa la sita nilipewa beti mbili za ngonjera siku ya mahafali ya darasa la saba. Ubeti wa kwanza niliutoa vizuri, watu wakapiga vigelegele. Wa pili ukapotea kabisa. Nilisimama pale hadi mwalimu akaja kunishika mkono. Ajabu ni kwamba siku hiyo hiyo ndipo nilipojua napenda kusimama mbele ya watu. Sasa binti yangu wa miaka 11 amepewa sehemu kama ile na zimebaki wiki 3. Nimsaidieje asigande? (Mama, Korogwe)

Mama, ubeti ule haukupotea kwa woga peke yake. Watoto wengi hukariri kwa kuanza juu kila mara, na wakikosea wanarudi mwanzo. Mwishowe ubeti wa kwanza umesemwa mara 50, wa mwisho mara 5. Siku yenyewe mtoto anaanza pale anapopajua na kila hatua inampeleka pale asipopajua vizuri. Lazima akwame.

Mgeuzie njia. Aanze na ubeti wa mwisho, aujue kabisa kwa siku 2, kisha aongeze unaoutangulia, halafu auseme huo pamoja na wa mwisho. Hivyo kila anaposonga mbele anaingia mahali alipozoea. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinatosha. Saa nzima kwa mkupuo inamchosha na haibaki kichwani. Beti zenyewe aziandike kwa mkono wake kwenye daftari, asitegemee karatasi ya mwalimu.

Watu hugandia kwenye maungio, si katikati ya mshororo. Ungio ni pale ubeti mmoja unapoisha na mwingine unapoanza, au mwenzake anapomaliza na zamu yake inapofika. Chukua maneno 3 ya mwisho ya ubeti na maneno 3 ya kwanza ya unaofuata, ayaseme pamoja mara 10 huku anafanya kazi nyingine: anafagia, anapepeta mchele, anaruka kamba. Jukwaani macho, masikio na mikono vyote vina shughuli, kwa hiyo maneno yanatakiwa yajitokeze bila kusubiri utulivu. Maneno ya mwisho ya mwenzake nayo ayakariri kama ya kwake. Na nyumbani sehemu ya mwenzake wamsomee watu tofauti, leo kaka, kesho bibi, ili asizoee sauti moja tu.

Wiki ya tatu mpe watazamaji. Kwanza watu 3 sebuleni, siku nyingine majirani 8 au 10 uani, naye akiwa amevaa nguo atakazovaa siku ile. Mweleze mapema kwamba mdomo utakauka, moyo utapiga mbio na mikono itatetemeka. Ni mwili unamwaga adrenalini, haina maana kwamba hajajiandaa. Akiwa kwenye foleni ya kupanda jukwaani avute pumzi kwa hesabu ya 4 na aitoe taratibu kwa hesabu ya 8, mara 3. Asishike karatasi hata kidogo: mkono ukitetemeka kidogo, karatasi inatetemeka mara mbili yake na hadhira yote inaona. Asikaze magoti, hasa kama watapangwa juani kusubiri mgeni rasmi. Damu hubaki miguuni, ndiyo maana kila mwaka kuna mtoto anayeanguka mstarini.

Zungumza pia na mwalimu wake. Awepo mtu wa kukumbushia, akae chini mbele ya jukwaa pembeni, kidole kikifuata mishororo kwenye karatasi. Mtoto akikwama, mkumbushaji ahesabu moja, mbili, tatu, kisha amtajie maneno 2 ya kwanza tu. Akimsomea mshororo mzima, mtoto anabaki anasikiliza badala ya kusema. Na asimwendee kumshika mkono. Akishafanya hivyo, uwanja mzima unajua kuna msiba, na mtoto anajua pia.

Wanafunzi wangu wa darasa la tano wakighani darasani ni moto. Tukitoka uwanjani hakuna anayesikia. Nawaambia wapaze sauti, na siku ya pili wote wamekauka. (Mwalimu, Singida)

Mwalimu, agizo la "paza sauti" ndilo linalowakausha. Mtoto akiambiwa apaze, anabana koo na kusukuma. Nyuzi za sauti zinagongana kwa nguvu, zinavimba, kesho yake anakwaruza. Aliyekwisha kukauka apumzike siku 2 au 3, anywe maji, asiimbe na asinong'one kwa nguvu. Ukwaruzo ukizidi wiki 3, wazazi wampeleke kwa daktari.

Nguvu inatoka kwenye pumzi. Walaze chali kwenye mikeka, kila mmoja na daftari juu ya tumbo. Wavute pumzi kwa hesabu ya 4 na daftari lipande. Mabega yakipanda badala ya daftari, pumzi imekaa juu na haitafika mbali. Kisha waitoe kwa "sss" nyembamba isiyokatika. Siku ya kwanza wengi wataishia sekunde 10. Kwa mazoezi ya dakika 5 kila siku, baada ya wiki 2 watafika 20. Hapo wasimame na kufanya lile lile kwa mshororo wa shairi badala ya "sss".

Jambo la pili linasahaulika mno, nasi tunaomba walimu wote wa ngonjera walisikie. Katika Kiswahili mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi ya mwisho hushuka na kufifia, na huko ndiko kina kinakokaa. Chukua mishororo hii miwili:

*Leo twafunga safari, miaka saba yaisha,*
*Walimu wetu mahiri, njia mlituonyesha.*

Mtoto anasema "yaI…", "onyE…", na ile "sha" inamezwa. Aliyekaa mstari wa nyuma anasikia maneno, hasikii shairi. Wafundishe waishike silabi ya mwisho, waipe pumzi ileile waliyoipa ya kabla yake, bila kuipigia kelele. Zoezi lake ni rahisi: waghani mishororo yote wakitoa sauti kwenye vina tu, "ri… sha… ri… sha…", maneno mengine wayapitishe midomoni kimyakimya. Mara 3 hivyo, kisha shairi zima. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Halafu uwanja wenyewe. Darasani kuta zinarudisha sauti, nje inaondoka na hairudi. Wapange watoto migongo yao ikiwa karibu na ukuta wa jengo, na upepo utoke kwao kwenda kwa watazamaji. Kama upepo unawapiga usoni, hamisha viti, usiwalaumu watoto. Siku ya mazoezi mwalimu mmoja akae kiti cha mwisho kabisa na anyoshe mkono kila neno linapompotea. Watoto hujirekebisha wenyewe wakiuona ule mkono.

Mkikodi muziki wenye maiki, mwambie fundi mitambo aweke spika mbele ya jukwaa zikitazama watu. Spika zikiwa nyuma ya watoto, maiki inaokota sauti ya spika, inairudisha kwenye spika, na mluzi unaanza. Mtoto ashike maiki kwenye mpini, umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni. Asikifunike kichwa cha maiki kwa mkono kama wafanyavyo waimbaji wa kwenye video. Kukifunika kunaziba matundu ya nyuma na mluzi unazidi. Kwa kundi la watoto 8 na maiki 1, weka stendi katikati, wapange nusu duara, na anayeghani apige hatua 2 mbele kisha arudi. Kupokezana maiki mkononi kunakula sekunde 4 au 5 kila zamu na kunavunja mwendo wa shairi.

Siku ya wazazi watu wanapenda kutunza. Mama anapanda na noti, anambandika mtoto usoni, mtoto anasahau yote. Tukataze? (Mwalimu mkuu msaidizi, Lindi)

Msikataze. Kutunza ni namna hadhira yetu inavyosema "tumekusikia", na mtoto aliyetunzwa darasa la nne halisahau jambo hilo. Kupangieni utaratibu tu. Mshereheshaji atangaze kabla: wanaotaka kutunza wasubiri kibwagizo. Wapiga ngoma wajue kwamba mtu akipanda wao wanaendelea na mdundo mwepesi, na watoto wanasimama walipo, wanatabasamu, hawaghani. Akishashuka, mpiga ngoma mkubwa anapiga mapigo 4 mazito na ubeti unaofuata unaanza. Hilo lifanyieni mazoezi kabisa, mwalimu mmoja akijifanya mama mwenye noti. Fedha ziingie kwenye kapu lililowekwa mbele. Zikibandikwa usoni zinaanguka, na wadogo waliokaa chini watazikimbilia.

Ngonjera ya mahafali iwe na beti ngapi, na watoto wangapi? (Msomaji, Kilosa)

Beti 12 zinatosha, watoto 6 hadi 8. Ubeti wa mishororo 4 yenye mizani 16 kila mmoja una mizani 64, na mtoto anayeghani bila haraka humaliza kwa sekunde 20 hadi 25 pamoja na kuvuta pumzi. Kwa hiyo beti 12 ni dakika 4 hadi 5. Tumeona ngonjera za beti 30, na kuanzia wa 15 wazazi wanaanza kuongea.

Kosa kubwa zaidi ni kuandika risala ikaitwa ngonjera. Ngonjera ni majibizano. Mathias Mnyampala, aliyeieneza baada ya Azimio la Arusha la 1967, aliijenga juu ya watu wanaopingana kwa hoja hadi mmoja akubali. Kama watoto wako wote 8 wanasema jambo moja, wagawanye: 4 wawe upande huu, 4 upande ule, na mpe kila upande hoja ya kweli. Anayepinga akipewa hoja dhaifu, watoto wenyewe hawamwamini anayeshinda.

Ngoma za shule yetu asubuhi zinalia kama debe lililojazwa nguo, mchana zinalia vizuri. Mahafali yanaanza saa 3 asubuhi. (Kiranja wa utamaduni, Mtwara)

Ngozi inanyonya unyevu wa usiku, inalegea. Joto linaukausha na kuikaza. Washeni moto wa nyasi kavu au makuti, si wa mkaa mwingi, na muishike ngoma umbali wa nusu mita kutoka kwenye moto, ngozi ikiutazama, mkiizungusha muda wote. Baada ya dakika 5 ipigeni. Kama bado ni nzito, dakika nyingine 3. Sauti ikishapanda ikawa kali, ondoeni. Ikizidi, ngozi inapasuka katikati au inang'oka kwenye vigingi, na hakuna wa kuwambia nyingine siku hiyo. Fanyeni hivyo nusu saa kabla ya kupiga, kisha ziwekeni juani au ndani pakavu, kamwe si juu ya majani yenye umande.

Mkiwamba upya, ngozi ya mbuzi ni nyembamba na inalia kwa ukali. Ya ng'ombe ni nzito na inadumu, yafaa ngoma kubwa. Ilowekwe majini usiku kucha hadi iwe laini kama kitambaa, ivutwe na watu 2 wanaotazamana huku wa tatu anapigilia, kisha ikauke kivulini siku 2 au 3. Ikianikwa jua kali, kingo hukauka kabla ya katikati na inajikunja.

Mwanangu ana miaka 13. Aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya shule na ndiyo iliyokuwa furaha yake. Sasa sauti inamruka katikati ya wimbo, wenzake wanacheka, anataka kuacha. (Baba, Iringa)

Kongomeo lake, kile kisanduku cha sauti kooni, linakua na nyuzi za sauti zinarefuka, kwa hiyo sauti inashuka, ila haishuki kwa mpango. Inaweza kuchukua miezi michache, kwa wengine zaidi ya mwaka. Mwalimu wa kwaya asimlazimishe kubaki sauti ya kwanza, wala asimtupe moja kwa moja kwenye ya nne, ile nzito kabisa. Amtafutie noti zake: aanze na noti anayoitoa kwa urahisi akizungumza, apande hatua moja moja hadi sauti inapobana, ashuke hadi inapokatika. Noti zilizobaki katikati, huenda 5 au 6 tu, ndizo zake kwa sasa. Mara nyingi zinaangukia sauti ya tatu, na pale wimbo unapopanda juu ya hapo anyamaze bila aibu. Jaribio hilo lirudiwe kila mwezi kwa sababu noti zinahama.

Katika kipindi hicho mpeni kazi nyingine jukwaani ambayo si ya kumfariji tu: kughani utangulizi, kupiga manyanga au ngoma, kutoa noti ya kuanzia. Hiyo ya mwisho ni kazi kubwa. Kwaya inayoimba bila kinanda hushuka taratibu. Ikifika ubeti wa tatu inaweza kuwa imeshuka nusu toni na sauti ya nne haina tena pa kushukia. Kijana mwenye sikio zuri anaweza kuangalia hilo kila zoezi kwa kupiga noti ya mwisho kwenye kinanda, hata cha kwenye simu, na kumwambia mwalimu wameteleza kiasi gani. Wakishuka, sababu huwa pumzi iliyoisha kabla ya noti ndefu au uchovu. Pumzisheni, msipaze.

Tuliambiwa tuandae igizo la dakika 8 kuhusu umuhimu wa elimu. Tuna nyumbani, shuleni, hospitali, polisi na nyumbani tena. Mazoezini linachukua dakika 19. (Kikundi cha sanaa cha sekondari, Kigoma)

Vijana, kati ya hizo dakika 19 pimeni ngapi zinakwenda kwenye kubeba madawati. Sehemu 5 zina mabadiliko 4. Kila badiliko likichukua dakika 1 na nusu, dakika 6 zimeliwa na watu wanaohamisha viti huku hadhira inapiga soga.

Chagueni mahali pamoja ambapo watu hupita: kisimani, kituo cha daladala, kibarazani, dukani kwa Mangi. Polisi na hospitali vije kwa habari inayoletwa na anayefika. Tuseme ni kisimani. Kuna ndoo 1 ya kukodi na foleni ya watu 5, kila mmoja anaihitaji sasa hivi kwa sababu yake. Msichana wa kidato cha pili amechelewa shule, daftari lake liko chini ya mkono. Hapo tayari kuna mvutano na hakuna aliyetamka neno "elimu".

Ukurasa mmoja wa A4 wa majibizano ni karibu dakika 1. Pamoja na miondoko ni dakika 1 na nusu. Kwa hiyo andikeni kurasa 5 tu. Kisha kateni mstari wowote ambao mtu anasema jambo ambalo hadhira imekwisha kuliona. Mwishoni msimweke mwalimu au daktari aje kueleza somo la igizo. Daftari limeanguka kwenye tope la kisima katika kugombania ndoo. Baba aliyekuwa akimkemea binti analiokota, analipangusa kwa shati lake, analianika kwenye kamba, ukurasa mmoja mmoja. Ishieni hapo. Hadhira ya Kigoma itaelewa.

Kuhusu kusimama: makundi mengi ya shule hujipanga mstari mmoja mbele kama gwaride, kila mtu anatazama mgeni rasmi. Chorea jukwaa nusu duara kwa chaki na mtie alama ya X mahali pa kila mtu. Anayezungumza na mwenzake asimgeuke kabisa. Bega la mbele liwatazame watu, mguu wa nyuma umwelekee mwenzake, hapo uso unaonekana na maongezi ni ya kweli. Mwenye maneno makali asimame nyuma kidogo ya wengine, kwa sababu wote wakigeuka kumtazama, hadhira nayo inamtazama. Wawili wasitembee kwa wakati mmoja bila sababu.

Anayeigiza mzee asijikunje mgongo nusu mpaka chini. Mzee hutambulika kwa kuanza: anatafuta kwanza pa kushika, anahamisha uzito, ndipo anainuka. Nywele zipakwe poda kidogo. Unga wa ngano ukikutana na jasho unakuwa donge, na majivu yanaingia machoni. Masharubu yachorwe kwa wanja, masizi ya sufuria hayatoki kwenye kola za sare. Anayevaa khanga au msuli afanye navyo mazoezi angalau mara 2. Khanga ina urefu wa karibu mita 1 na nusu na upana wa zaidi ya mita 1, kwa hiyo kwa msichana mfupi ikunjwe juu sentimita 20 kabla ya kufungwa, na ishikwe kwa pini 2 kiunoni.

Binti yangu yuko shule ya sekondari ya msingi (gredi ya 7 hadi 9), Nakuru, Kenya. Alipenda drama tangu tamasha la kwanza. Babake anasema ni kupoteza wakati. Kuna njia ya masomo kweli? (Mama)

Ipo. Chini ya mtaala wa umilisi sekondari ya juu ina mikondo 3, na mmoja ni wa Sanaa na Michezo. Kutoka hapo Chuo Kikuu cha Kenyatta kina shahada ya sanaa za maigizo na filamu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, kwa hiyo mashindano ya jukwaani nchini Kenya yana karibu karne nzima. Kwa upande wa Tanzania, Muziki na Sanaa za Maonyesho ni masomo ya mtihani wa kidato cha nne katika shule zinazoyafundisha.

Kwa babake, mama, usibishane kwa maneno. Andikeni ratiba ukutani: mazoezi mara 3 kwa wiki, dakika 90, yakome wiki 2 kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Alama zikishuka, ratiba irekebishwe. Baba akiona mpaka uko wazi, mara nyingi anachouliza hubadilika. Mwalikeni pia kwenye zoezi moja la kawaida, siyo siku ya tamasha. Aone mtoto wake akirudia sentensi moja mara 12 hadi ikae.

Nina miaka 43, fundi cherehani, Mwanza. Kidato cha tatu niliigiza mama mkwe na mpaka leo niliosoma nao huniita Mamamkwe. Sikupanda tena jukwaani. Nimechelewa?

Dada, hujachelewa. Nafasi za akina mama wa miaka 40 na kuendelea ndizo vikundi vinazozikosea watu, hadi wasichana wa miaka 20 wanafungwa vilemba na kuambiwa wakohoe.

Anza na mwili na kumbukumbu kabla ya kutafuta kikundi. Kila wiki kariri ukurasa 1 wa majibizano ukiwa kwenye cherehani. Mwendo wa kanyagio unasaidia, ila useme kwa sauti, usisome kwa macho. Jirekodi kwa simu na usikilize silabi za mwisho, kama tulivyomweleza mwalimu wa Singida. Baada ya mwezi 1 tafuta kikundi cha sanaa kilichosajiliwa na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) au kwaya yenye maigizo, uombe kwanza kukaa mazoezi 2 bila kupewa nafasi. Angalia mambo mawili: kama mazoezi yanaanza saa iliyosemwa, na kama anayeongoza anamweleza mtu alichokosea au anamfokea tu. Kikundi cha kufoka kiache.

Ukitaka mafunzo rasmi, Bagamoyo kuna TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Hufundisha maigizo, ngoma, muziki na ufundi wa jukwaa, na mwenye cheti cha kidato cha nne anaanzia ngazi ya astashahada. Tamasha lake la kila mwaka linafaa kutazamwa hata kama huna mpango wa kusoma: kaa pembeni mwa jukwaa, utazame wanavyoingia na kutoka.

Na sindano yako ni mlango wa moja kwa moja. Vikundi vingi havina fundi wa maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Nguo ya jukwaani haishonwi kama ya harusi: mgongoni weka mkanda wa kunata badala ya vifungo, maana mtu ana sekunde 30 za kubadili gizani. Kwapani tia kipande cha kitambaa kinachonyonya jasho, kinachotoka na kufuliwa peke yake. Rangi za khaki na kijivu zinapotea kwenye ukuta wa shule, kwa hiyo tumia nyekundu ya matofali, manjano, buluu iliyoiva. Kama ni nguo za watoto, acha pindo la sentimita 5 chini na sentimita 2 kila ubavu, kwa sababu mwaka ujao gauni lile lile la mama mkwe litavaliwa na mwingine.